Msimamo wa Mheshimiwa, Kinywa Changu

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa Mheshimiwa alinikalisha ofisini Katesh, akanifundisha maneno mawili: "siku zote." Mimi ni mtu wa Nambis, kwa wakulima wa huko juu, lakini nililelewa na mjomba huko tambarare, nikakijua Kidatoga, lugha ya wafugaji. Ndiyo maana niliajiriwa kuwa mkalimani wa mikutano ya hadhara.

"Mheshimiwa habadiliki," Katibu alisema. "Akileta jambo jipya, anatanguliza 'kama ninavyosema siku zote', halafu anataja kitu ambacho hakuna anayekipinga. Amani, maendeleo, ardhi itumike vizuri. Ukiruka hapo, watu wataona amegeuka."

Hicho tulikiita kiungo. Ninyi mnaosikiliza hotuba kwenye simu, kitafuteni, kipo mpaka leo. Mimi nilikijua barabara, na nilijivunia.

Jumatatu moja tulikuwa Endasak kwa wakulima. Mheshimiwa akasema, kama anavyosema siku zote, ardhi itumike vizuri, kwa hiyo njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni ifungwe, ilimwe mahindi. Wakapiga makofi. Jumatano tukashuka kwa wafugaji. Kama anavyosema siku zote, ardhi itumike vizuri, kwa hiyo njia ya ng'ombe haiguswi. Nikatafsiri kwa Kidatoga bila kukwama.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akasimama, akanigeukia mimi. "Mwanangu, tunasikia huko juu wanataka kulima njia yetu. Twende wilayani tukaweke pingamizi, au hivi alivyosema leo ndivyo anavyosema siku zote?"

Swali lile hata sikumfikishia Mheshimiwa. Nilijibu mwenyewe: "Ndivyo, baba. Siku zote."

Basi hawakwenda. Msimu uliofuata njia ikalimwa, na ng'ombe wakawa wanazunguka mbali siku nzima kutafuta maji. Ndama wengi wa yule mzee walifia njiani. Mheshimiwa akasema redioni kwamba msimamo wake ni ule ule, ardhi itumike vizuri. Hakuna aliyemshika.

Nilistaafu na barua nzuri ya shukrani. Barua ile hainipi usingizi. Mwaka jana nikachukua bodaboda mpaka kwa yule mzee, nikamwamkia kwa Kidatoga, akaitikia, akanipa kigoda. Nikaanza kumweleza jinsi Mheshimiwa alivyotudanganya sote wawili.

Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi Kiswahili sijui," alisema. "Siku ile nilikusikia wewe peke yako."