Chungu cha Kokwa cha Kivuko cha Nyambawala

Bi Mwamvua binti Khamisi hakujua kusoma, lakini kila mtu wa upande wake aliyevuka Rufiji pale Nyambawala alikuwamo ndani ya chungu chake. Asubuhi, kabla ya kupanda mtumbwi, ulichota kokwa moja ya ukwaju kwenye kifuu ukaitia chunguni. Jioni ukirudi uliitoa. Chungu kikiwa kitupu, mitumbwi ilifungwa. Kikibaki na kokwa hata moja, Bi Mwamvua hakuondoka, na kaka yake Mshamu, mpiga kafi wa mtumbwi mkubwa, hakuondoka pia, ingawa alinung'unika.

Utaratibu huo aliuanza baada ya kufiwa na mumewe. Jioni moja watu walidhani yule bwana amekwisha rudi, kumbe yuko ng'ambo. Alijaribu kuogelea. Hawakumwona tena. Tangu hapo Bi Mwamvua alikuwa na jambo moja tu: mtu asiachwe upande usio wake.

Bibi yangu alimkuta Bi Mwamvua akiwa kikongwe, na mengi ya haya nimeyapata kwa bibi. Mengine hata yeye hakuwa na hakika nayo, nami nimeyaacha hivyo hivyo.

Kijiji kilikuwa kaskazini ya mto. Mashamba ya mlau, yale yanayolimwa kwenye udongo uliolowa baada ya mafuriko kupungua, yalikuwa kusini. Huko wanawake walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakalinda mahindi yasiliwe na nguruwe na tumbili. Zamani waliovuka hawakuzidi thelathini kwa siku. Kisha jumbe, mkuu wa kijiji, akafungua shamba la pamba upande huo huo wa kusini, kwa amri ya Wajerumani, na watu wakaitwa kwa zamu kutoka vijiji vingi, hata Ruaruke. Wakawa zaidi ya mia, na mitumbwi ilikuwa miwili: mkubwa wa watu kumi na wawili, mdogo wa watano.

"Watu wa pamba kwanza, Bi Mwamvua," alisema Muhidini, msimamizi wa pamba, kijana wa hapo hapo kijijini. "Hiyo ni amri."

"Tumbili hawajapata habari ya amri yako, mwanangu. Wakimaliza mahindi, wewe utatupikia pamba?"

Watu walicheka, Muhidini hakucheka. Angepigwa viboko yeye kama watu wangechelewa, na Bi Mwamvua alilijua hilo. Siku tatu alikaa ufukweni akipanga na kupangua vijiti mchangani. Mwishowe akasema hivi: mtumbwi mdogo uanze alfajiri na wenye watoto mgongoni na wenye mashamba ya mbali. Mkubwa uchukue watu wa pamba jua likichomoza. Na mtumbwi usirudi mtupu, bali uwachukue watu wa kusini wanaokuja kuuza vitu kijijini. Mambo yakaenda. Muhidini hakupigwa, na mahindi hayakuliwa.

Kati ya hao watu wa kusini alikuwako Johari, mfinyanzi, mwenye mdomo usiofungwa. Alivuka na vyungu vyake kichwani karibu kila siku.

"Mbona mimi sina kokwa?" aliuliza siku moja. "Au sisi wa kusini mamba hawatutaki?"

"Wewe mgeni wetu, shoga," akajibu Bi Mwamvua. "Mgeni nimhesabu kama mbuzi?"

"Haya. Siku mkinisahau huku nitakula kwako mpaka ukome."

Mshamu alicheka hata kafi likamponyoka.

Mwaka huo ulikuwa 1905. Ilipofika Julai, watu wasiojulikana walianza kufika kivukoni kwa makundi. Walikwenda kusini, kwenye vilima, kutafuta dawa ya maji. Bi Mwamvua aliwauliza dawa ya nini. Mmoja alisema ya kuponya mimba zinazoharibika na kuzidisha mavuno. Mwingine akasema ya kuzifanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Wa tatu akasema wote wawili waongo. Waliorudi walivaa shingoni uzi mweusi wenye kipande cha mwanzi, na hawakupenda kuzungumza. Kisha ikasemwa pamba imeng'olewa Umatumbi. Ikasemwa Samanga kumechomwa. Wengine wakasema ni majani tu yaliyochomwa, kama kila mwaka. Bi Mwamvua aliwasikiliza wote, akawaambia watie kokwa; za waliolala huko alizitenga pembeni.

Asubuhi moja ya Agosti Muhidini alifika na askari wawili wenye bunduki, na shoka.

"Mitumbwi yote iletwe upande huu, itobolewe kabla ya adhuhuri," alisema. "Watu wa maji wasivuke."

"Nani amesema?"

"Boma."

"Na sisi tutavuka lini?"

"Sijui."

"Mahindi je?"

"Sijui, Bi Mwamvua! Nimekwambia sijui."

Alipoinama kuuangalia mtumbwi, kanzu yake ilifunguka kifuani, na Bi Mwamvua akaona uzi mweusi na kipande cha mwanzi. Akamtazama. Muhidini akaifunga kanzu.

"Mwanangu, wewe uko upande gani?"

"Usiniulize hivyo mbele ya watu," akajibu kwa sauti ndogo. "Warudishe watu wako. Upesi."

Basi wakarudishwa. Mshamu alipiga kafi bila kupumzika, na kokwa zikatoka chunguni moja moja, mbili mbili. Jua lilipokaribia utosini zilibaki tatu.

Hapo ndipo Bi Mwamvua alipochanganyikiwa. Alfajiri ile wanaume watatu walikuwa wamevuka kwenda kutafuta dawa. Wawili walitia kokwa. Wa tatu alikataa, akisema ameagizwa asiache chochote chake nyuma. Je, mwenzake alimtilia? Kama alimtilia, zile tatu ni zao, na watu wote wa kijiji wamerudi. Kama hakumtilia, kuna mtu mmoja bado yuko mashambani. Alitazama nyuso ufukweni, akaziona zote, kisha akaona hakuziona zote.

"Tabu yuko wapi?" Tabu alikuwa na dungu la mbali kuliko yote.

"Nilimvusha," alisema Mshamu. "Mwanamke mwenye kaniki."

"Wote wana kaniki, Mshamu!"

"Basi labda sikumvusha."

Askari mmoja aliinua shoka. Bi Mwamvua akaingia kwenye mtumbwi mdogo, akashika pondo, akasukuma. Askari wa pili aliinua bunduki.

"Mwache," alisema Muhidini. "Huyo mama ana wazimu, kila mtu anajua. Atarudi."

Bi Mwamvua alimkuta Tabu amelala dunguni, usingizi wa mtu aliyekesha akifukuza nguruwe, wala hajasikia sauti ya mtu. Alimwamsha, akamvuta kwa mkono mpaka mtoni, akamvusha. Tabu akatoa kokwa yake bila kujua kwa nini watu wanamtazama hivyo. Zikabaki mbili. Bi Mwamvua alizitoa mwenyewe.

"Hawa wamekwenda kwa hiari yao," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Chungu kikawa kitupu. Alikiinamisha, akakipigapiga chini ili watu waone. Bibi yangu alisema hapo Bi Mwamvua alikuwa karibu kutabasamu.

"Toboa," akamwambia askari.

Mtumbwi mdogo haukuchukua muda. Mkubwa ulikuwa wa mvule, ulikataa, mpaka askari wakapokezana. Walipomaliza, Johari alishuka kutoka kijijini, kichwani amebeba vyungu viwili ambavyo hakuviuza.

"Haya, shoga," alisema, "nani ananivusha? Leo nimechelewa, na mtoto kule atakuwa analia."

Aliiona mitumbwi. Aliviona vipande vya mti vilivyotapakaa mchangani. Mtoto wake alikuwa wa miezi minne, amemwacha kwa mama yake, na maziwa yalikuwa yamekwisha lowesha kaniki yake kifuani. Alivitua vyungu taratibu, kimoja, halafu kingine.

"Mlinihesabu?" akauliza.

Bi Mwamvua alikuwa bado amekishika chungu. Akatazama ndani yake, kama kwamba huenda kuna kokwa aliyoiacha.

"Nilikwambia nitakula kwako mpaka ukome," alisema Johari. Safari hii Mshamu hakucheka.

Yaliyofuata bibi yangu alinisimulia mara mbili, na hayakufanana. Mara ya kwanza alisema siku ya tatu Mshamu aliziba mtumbwi mdogo kwa udongo na matambara, akamvusha Johari mchana kweupe, na Muhidini aliwaona akageuka kutazama upande mwingine. Mara ya pili alisema mama yake Johari alikuwa akimleta mtoto ukingoni kila asubuhi, akimwinua juu ili mamaye amwone kutoka ng'ambo, na kwamba siku ya nane hakuja, kwa sababu askari walikuwa wamepita vijiji vya kusini wakichoma nyumba na chakula. Nilimuuliza ipi ndiyo kweli. Alifikiri sana, akasema zote.

Muhidini hakuonekana tena baada ya mwezi huo. Wapo waliosema alinyongwa na Wajerumani, wapo waliosema aliuawa na watu wa maji.

Vita vilipokwisha njaa ilikuja, nayo ikachukua wengi kuliko vita. Baada yake Mshamu alichonga mtumbwi mmoja, na watu wakaanza tena kuvuka, wachache. Bi Mwamvua aliweka chungu chake mahali pake. Kisha akamwomba Johari, aliyekuwa hai kwa simulizi zote mbili, amfinyangie cha pili, kikae ukingo wa kusini.

Johari alikileta mwenyewe ukingoni huko, bado kina harufu ya moshi, akamkuta Bi Mwamvua amevuka kumngoja. Bi Mwamvua akampa kokwa.

"Anza wewe," alisema.

Johari aliigeuzageuza kokwa ile kwa kidole gumba.

"Na wale walioachwa upande usio wao siku ile," akauliza, "tuwatie ngapi?"

Bi Mwamvua akachota kokwa mkono mzima, akazirudisha. Wakakaa wawili hao kando ya chungu, mpaka Mshamu akawaita kutoka mtoni akiuliza kama wanavuka au hawavuki.