Tonge langu hekaluni

Jamani, leo mkono wangu mwenyewe umeniumbua.

Nimetoka nyumbani Katy na binti yangu Neema kwenda hekalu moja la Wabudha hapa Houston. Mnafundishwa kutengeneza vitafunwa vya Kijapani, halafu mnakunywa chai mmepiga magoti, kwa adabu zote.

Unapewa donge la maharage yaliyopondwa na sukari. Ulifinyange liwe ua.

La Neema likawa ua kweli.

Mimi nikaviringisha kiganjani huku nawaza shifti ya kesho. Kuja kushtuka, kidole gumba kimeshabonyeza shimo katikati.

Tonge la ugali!

Bibi Mjapani anayetufundisha akalipokea kwa mikono miwili. "Hili ni ua gani?"



Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyokula, hilo shimo ni la kuchotea mchuzi.

Neema akaniangalia kama nimedanganya watu.

"But Mama, we use forks."

Ni kweli. Nyumbani tunakula ugali kwa uma. Hata mimi.

Chai yao chungu, nimeinywa yote ili nisijibu.

Wenye watoto huku, wenu wanakulaje ugali? Semeni ukweli tu, leo siwezi kuumia zaidi.