Sanduku la Ubao Mmoja

Miaka tisa nimepakia maboksi kwenye ghala hapa Birmingham, na binti yangu alikuwa akiwaambia marafiki zake kwamba baba ni mtu wa maboksi. Iliniuma, jamani. Nakuru nilikuwa seremala, tena fundi hasa, lakini yeye hajawahi kuniona nimeshika hata randa.

Basi Jumamosi moja akaja mama mmoja Mhaida, kutoka visiwa vya magharibi mwa Kanada, kufundisha kutengeneza sanduku la kwao katika ukumbi wa mtaa kule Longbridge. Nikamburuta binti. Leo ataniona!

Mama akampa kila mtu ubao mmoja wa mwerezi. Hajamaliza kueleza, mimi nishashika msumeno, nishakata vipande vinne. Sanduku si lina pande nne? Alicheka mpaka akafuta machozi. Kumbe kwao ubao haukatwi: unachongwa mifuo mitatu ya kukunjia, unapikwa kwa mvuke, kisha unakunjwa pembe kwa pembe, na pembe ya mwisho inafungwa kwa vijiti. Msumari marufuku. Binti akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kwamba turudi nyumbani.

Thubutu! Ubao wa akiba ulikuwa mmoja tu, nikauomba, nikauchonga mifuo mitatu. Ulipotoka kwenye mvuke niliukunja polepole, roho mkononi. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haukupasuka. Nikafunga ya nne, nikatia kitako.

Lililobaki ni kulijaza maji, tuone kama linavuja. Mama akasema kwao kazi haijawa kazi mpaka ishuhudiwe, na mwenye kazi humpa shahidi zawadi ili akasimulie alichoona. Shahidi wangu nikamchagua binti, ingawa alikuwa amenuna.

Nikamimina hadi ukingoni. Binti akapitisha kidole pembe zote nne, akapapasa chini, akarudia tena.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili nilichokuwa sijakisikia kinywani mwake tangu aanze shule, "halivuji hata tone!"

Niliruka, mtu mzima mimi! Zawadi sikuwa nimeandaa, nikatoa sikioni penseli yangu ya useremala, ile niliyotoka nayo Nakuru, nikampa.

Jumatatu nilipomfuata shuleni, mwalimu wake akanisimamisha langoni akaniuliza kama mimi ndiye yule fundi.

"Ndiye," nikamjibu. "Ndiye haswa."