Mfumo Mpya na Barua ya Mzee Barisa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile fundi alipokuja kutoka Malindi kubadilisha mfumo wa kompyuta yetu pale Garsen. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua katika duka la shangazi yangu karibu na stendi ya mabasi. Watu walileta maombi ya kazi, barua kwa chifu, matangazo ya mifugo iliyopotea. Lakini mtu akikaa mbele yako akakuambia uandike nini, wakati mwingine anakufunulia jambo ambalo hata nyumbani kwake halijasikika. Hilo sikulijua bado.

Mfumo wa zamani ulikuwa mgumu. Ukitaka kazi ya jana ilibidi ukumbuke jina lake na mahali ulipoiweka, la sivyo ungehangaika mpaka mteja asinzie kwenye benchi. Huu mpya ulikuwa kitu kingine kabisa. Picha kubwa, rangi za kupendeza, na ukibonyeza kitufe cha chini pembeni inafunguka orodha ya kazi zako zote za karibuni. Bonyeza jina, barua hii hapa. Kila mashine ilipouliza jambo, fundi alikubali bila kusoma. Nikamuuliza inauliza nini, akasema ni maswali ya kawaida tu, nisijisumbue. Nami sikujisumbua. Nilifurahi hata nikamwita shangazi aje aone. Akatazama, akasema ni nzuri, akarudi kwenye mashine yake ya kutoa nakala.

Wiki ya pili akaja Mzee Barisa. Alikuwa mfugaji wa Kiorma mwenye ng'ombe wengi, mrefu, mkimya, na soko la mifugo lote lilimheshimu kwa sababu alichosema hakukirudia wala hakukibadilisha. Miaka minne kabla ya hapo binti yake, Dhahabo, aliolewa na kijana mkulima wa kijiji cha Idsowe bila baba kuridhia, wakahamia Mombasa. Mzee akasimama mbele ya jamaa zake akasema asitajiwe tena jina hilo. Garsen nzima ilijua.

Alingoja mpaka duka likawa tupu, ndipo akaniambia anataka barua kwa Dhahabo. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alisema mama yake Dhahabo macho yamefifia. Alisema amesikia kuna mtoto. Akija, mlango uko wazi, na mumewe aje naye. Mwisho akasema, "Andika, mimi nilikasirika sana, na sasa nimechoka kukasirika."

Nimechapa barua nyingi maishani. Hiyo sijaisahau.

Hakutaka niitoe kwenye karatasi siku hiyo. Alisema atakuja Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa kuna mtu anayemwamini atakayesafiri kwenda Mombasa. Akaniomba jambo hili libaki kati yetu, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaihifadhi kwa jina la "Barua ya Mzee Barisa kwa Dhahabo", ili nisipate taabu kuitafuta.

Kesho yake akaja Jilo, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mcheshi asiye na ubaya mwingine ila mdomo. Alitaka nimchapie tangazo. Karatasi zikaniishia, nikatoka kwenda kuazima duka la pili, na orodha nikaiacha wazi. Jilo alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Lakini mashine ile ilikuwa rahisi, mwanangu, na ndiyo sababu tuliipenda. Kama ilivyokuwa rahisi kwangu, ndivyo ilivyokuwa rahisi kwake. Aliona jina, akabonyeza kama alivyoniona nikibonyeza. Niliporudi nilimkuta anasoma, midomo ikimchezacheza.

Niliifunga, nikamsihi. Akaapa kwamba hatasema. Kufika alasiri soko la mifugo lilikuwa limejua lote, na vijana wakipishana njiani walikuwa wakiambiana, "Nimechoka kukasirika," kisha wanacheka.

Alhamisi Mzee Barisa hakuja. Nilimwomba shangazi aende kwake kunitakia radhi. Akanikatalia, akasema barua niliandika mimi, basi miguu iwe yangu.

Nikaenda Jumamosi, mwendo wa saa nzima nje ya mji. Nilimkuta anamfunga ndama dawa kwenye kidonda cha mguu. Hakunifukuza. Mkewe alinipa chai ya maziwa, akipapasa kikombe kwa mkono kabla ya kuimimina. Nikaanza kueleza. Nilisema ni mfumo mpya uliofanya hivyo, ndio ulioweka orodha, na fundi hakuniambia. Nilisema mengi. Mzee aliniacha mpaka nikamaliza.

"Binti," akasema, "mimi sikukaa mbele ya mashine. Nilikaa mbele yako. Maneno yangu nilikupa wewe."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikalia. Mkewe akasema neno kwa Kiorma ambalo sikulielewa, na mzee akamaliza kumfunga ndama kitambaa mguuni.

"Anauliza kama barua imekwenda," akaniambia.

Haikuwa imekwenda. Nikamwomba ruhusa niiandike palepale kwa mkono wangu. Alifikiri, kisha akasema watu wameshacheka, basi kilichobaki ni mtoto arudi. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, na safari hii mama naye aliongeza maneno yake. Nikaikunja, nikasubiri stendi mpaka akafika msafiri mwingine ambaye mzee alikuwa amenitajia.

Dhahabo alikuja kabla ya mvua, yeye na mumewe na mtoto mgongoni. Mzee Barisa aliwapitisha mwenyewe katikati ya soko la mifugo, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Hakuna aliyecheka. Mimi alinisalimu kwa heshima mpaka alipofariki, lakini dukani hakukanyaga tena. Alikuwa na haki.

Baada ya hapo nilikaa na ile kompyuta siku nzima, nikafungua kila sehemu ya mipangilio yake. Nikakuta kwamba orodha ile ingeweza kuzimwa, na kwamba ningeweza kuweka nywila. Iliwezekana tangu siku ya kwanza. Niliuliza mara moja tu, nikaacha.

Sasa, mwanangu, umeniambia kwamba pale zahanati unapofanya kazi mmeletewa mfumo mpya. Unafunguka kwa kuuonyesha uso tu, unataka kujua uko wapi, unataka kuweka nakala za kazi yako mbali huko usikokujua, na hata kupiga picha yale uliyokuwa ukiyatazama ili ukukumbushe baadaye. Ufurahie. Sikuambii urudi kwenye taipureta. Mashine ikiwa ngumu mno, watu huandika nywila kwenye karatasi na kuibandika ukutani, nimeyaona. Ila kabla hujakubali, soma. Usipoelewa, muulize fundi, umuulize tena, hata akichoka. Usichokihitaji kizime. Ukiinuka kitini, hata kwa kikombe cha maji, funga. Wale akina mama wanaokuja na vipimo vyao hawaijui hiyo mashine, wanakujua wewe. Na siku jambo la mtu likivuja mikononi mwako, maana linaweza kuvuja, nenda kwake mwenyewe, na usiitaje kompyuta kabla hujajitaja.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi na moyo mzito wa kutunza ya watu. Akujalie waliokuamini wasijute, na wewe ulale ukiwa huna wa kumkwepa njiani. Amina.