Karoti Zilizonifikisha Zahanati

Kisa hiki nikikisimulia huwa naanza kwa kukiri kwamba nilikuwa mjinga, tena mjinga wa kujitakia, ili mcheke mapema mmalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiishi Ziwani, na kazi yangu ilikuwa kukagua mishono katika kiwanda cha mashati. Macho yakaanza kunihadaa. Mashati mawili yenye kola zilizokwenda upande yakanipita hivi hivi, na supavaiza wetu, Bwana Odero, akaniita kando akasema, "Rispa, nenda ukapimwe macho. La tatu likikupita, utashika ufagio." Mtu mwenye akili angeenda siku hiyo hiyo, lakini mimi kulikuwa na kijana fulani niliyetaka anione mrembo (baadaye alioa msichana mwenye miwani, lakini tuyaache hayo), kwa hiyo badala ya kwenda kwa daktari nikapitia kibandani kwa Mama Wanjiru, mama mboga wetu.

"Miwani ya nini na karoti ziko?" akaniuliza. "Zimejaa vitamini A. Mimi ni mtu mzima na namwona nzi akiwa ng'ambo ya barabara."

Basi nikazila. Asubuhi karoti, mchana karoti mkobani, jioni malenge na papai, na nikitazama televisheni kwa jirani, karoti tena. Wiki zikapita, macho yakawa yale yale, nami nikajiambia dawa ya shamba haina haraka.

Siku moja tukila chakula cha mchana, mwenzangu akanishika mkono akaugeuza. "Rispa, mbona viganja vyako ni vya manjano?" Nikadhani ni rangi ya vitambaa. Nikasugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa jivu, wapi! Nikavua viatu, nyayo nazo manjano. Hapo akili ikanivurugika kabisa, kwa sababu sikuumwa popote, nililala vizuri, nilikula kama mchwa, sasa nakufaje? Mwenzangu akanong'ona kwamba mjomba wake alianza hivyo hivyo, ini likamwisha. Nikarudi kwa Mama Wanjiru, naye akasema karoti husafisha damu, niongeze. (Nikaongeza.)

Bwana Odero alipoona hata pua imegeuka rangi, akanirudisha nyumbani mpaka nilete barua ya daktari. Akina mama wa kanisa wakaja kuniombea, chumba kikajaa nyimbo, na mmoja wao akapiga simu dukani kule kwetu Kakamega. Asubuhi ya tatu mama yangu akaingia na shangazi, kitambaa cheusi kichwani, tayari.

"Wuuui! Rispa wangu, umegeuka rangi na hukuniambia?"

Nikamwambia hata mimi sielewi, tukalia wote watatu.

Tukaenda zahanati, mama mbele, mchungaji na wanakwaya nyuma. Wagonjwa waliokuwa wamekaa waliponiona wakasimama, wakatuachia benchi zima. Sista akanivuta kope. "Macho ni meupe pe," akasema, akakunja uso. Akauliza homa, hakuna. Mkojo, wa kawaida. Kichefuchefu, hapana. "Unakula nini?"

"Chakula cha kawaida tu, sista."

Mama, akitafuta kitambaa anifute machozi, akafungua mkoba wangu, na karoti zikamwagika sakafuni, moja ikabingirika mpaka miguuni pa mchungaji.

"Hizi ni za siku ngapi?" sista akauliza.

"Za leo."

Zahanati nzima ilicheka, hata mtoto aliyekuwa akingoja sindano. Sista naye alicheka kwanza, kisha akanieleza kwamba karoti ni chakula kizuri mno, lakini rangi yake ikizidi mwilini hujikusanya kwenye ngozi, nami nikipunguza itaondoka polepole, sina ugonjwa wowote. Kuhusu macho, karoti humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hiyo, hazinyooshi jicho linalohitaji miwani.

"Hebu nisomee herufi za ile chati."

"Chati gani?"

"Iliyo ukutani."

"Ukuta nauona," nikasema, na kicheko kikaanza upya.

Mama peke yake hakucheka. Tulipotoka nje alivua kile kitambaa cheusi, akakikunja taratibu, akasema, "Usiku kucha kwenye basi nilikuwa nachagua pa kukuzika. Kumbe ni urembo." Siku hiyo alinishika mkono kama mtoto mpaka kwa mtengeneza miwani, nami nikamfuata bila ubishi.

Kazi nilirudishiwa. Mboga na matunda bado nakula kila siku, karoti moja, sukuma wiki, chungwa, papai kipande, maana mwili unavihitaji. Lakini kiungo kikinilalamikia, siku hizi nakwenda kwanza kwa anayekipima, halafu ndiyo napita kwa anayeuza. Na kabla ya wote namwambia mama.