Ndevu Juu ya Kaburi

Sijui nimwambie nani aibu hii, basi niwaambie nyie. Nyumbani kwangu Kakese huwa naotesha mbegu za dungusi, ile mimea ya miiba ya jangwani, kwenye makopo ya mchanga niliyoyafunika nailoni. Za mara ya mwisho zilikataa kuota, nikaumwaga ule mchanga uani, nikasahau.

Masika yalipokwisha, nikaenda na mama mkwe kufagia kaburi la mumewe. Upande wa kichwani vilikuwa vimeota vitu vya kijani vyenye manyoya meupe, laini, kama ndevu za marehemu. Upepo haukuwepo, lakini niliona kama manyoya yanatikisika. Mimi, mwanaume mzima, nikaanguka chini nikilia:

"Baba, nisamehe! Baiskeli yako haikuibiwa, niliiuza mimi!"

Mama mkwe akainama, akavigusa, akarudisha mkono haraka. Mwiba ulikuwa umemchoma.

"Hizi si dungusi zako?" akasema. "Mvua ilibomoa kaburi, nikajazia ule mchanga wako wa uani."

Nikashusha pumzi, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama tu.

"Baba Neema," akaniuliza taratibu, "ile baiskeli umesema uliifanya nini?"