Taa Mbili za Kushoto

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio mjini Tunduma, na saa aliyoniachia haina mishale wala tarakimu. Ni ubao mdogo wenye safu mbili za taa nyekundu: ya chini ni ya dakika, ya juu ni ya saa. Ile ya juu ina taa nne, na kuanzia kulia thamani zake ni moja, mbili, nne na nane. Msomaji hujumlisha zile zinazowaka. Aliiunda mwenyewe, akaipachika ukutani Jumamosi ya kwanza ya Mei, tukiwa katika mwaka wa sita wa ndoa.

Nilikuwa nimetoka kijijini Ibaba bila kujua kusoma, naye alinifundisha jambo moja tu: "Mke wangu, taa mbili za kushoto zikiwaka pamoja, mimi nipo njiani." Nane na nne, saa kumi na mbili jioni. Kila jioni nilibandika maji ya kuoga, na kabla hayajachemka alikuwa anabisha hodi.

Wateja wake wengi walitoka Nakonde, upande wa Zambia, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Akaitegesha saa yetu kwa majira yao. Jirani yangu hakuliacha hilo lipite.

"Mama, bwana wako kachelewa tena! Saa moja hii!"

"Huko kwako. Humu ndani ni kumi na mbili kamili."

"Basi na ugali ukaupikie Zambia!"

Alifariki Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Januari iliyofuata niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko mwalimu. Kujumlisha hakukunisumbua hata siku moja.

Jumanne ya pili ya Juni mwaka huu umeme ulikatika, na uliporudi saa ilikuwa imepoteza majira. Binti yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Vwawa, alitazama simu yake, akabonyeza kitufe cha saa ile hadi ikawaka taa yenye thamani ya nne pamoja na yenye thamani ya moja. Saa tano asubuhi.

"Sasa iko sawa, mama."

"Hiyo si saa ya baba yako."

"Mama, hatuishi Zambia. Na baba hayupo."

Ingebaki vile, taa mbili za kushoto zingewaka saa nzima kabla ya wakati wa mume wangu kurudi, na wakati wake wenyewe ungefika ikiwaka taa moja tu, peke yake, upande wa kulia.

Kitufe kile huongeza tu, hakipunguzi. Ili kurudi nyuma saa moja ilinibidi nibonyeze mara kumi na moja, nami nilihesabu kwa sauti. Mara ya saba, taa za nane na nne ziliwaka pamoja, jua likiwa juu, na kidole changu kikagoma. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa anatazama mlango.

"Malizia, mama," alisema taratibu.

Nilibonyeza mara nne zilizobaki.

Jioni taa zile mbili zilipowaka tena, yeye ndiye aliyebandika maji.